Kitenzi cha Kiingereza Kilichopita Tabora

Kamusi kubwa za Kiingereza zinalo neno "safari", tena si nomino tu bali pia kitenzi. Mwingereza anaweza kuandika "safaried", maana yake alifanya safari. Sikio la Mswahili hushtuka, kwani kitenzi chetu ni kusafiri. Wenzetu wameichukua nomino wakaivika mkia wa kitenzi chao.

Shina lake ni Kiarabu, safar. Hata hivyo Waingereza walilipata huku kwetu, njiani. Richard Burton na John Speke waliwasili Kaze, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, na neno hilo limo katika kitabu alichochapisha Burton mwaka 1860.

Katika njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, safari ilikuwa kazi, na kazi nzito. Mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alitwikwa frasila 2 hivi, yaani kilo zipatazo 32, akamfuata kirangozi kwa miezi mitatu au zaidi kati ya pwani na Unyanyembe. Wengine waliandamana na wake zao. Wapo pia waliokokotwa wakiwa watumwa, ambao safari hiyo hawakuichagua.

Uzito huo haukuvuka bahari. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishukia Mombasa kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, magazeti ya ulimwengu yakawafuata kwa hamu. Tangu hapo, kwa Kiingereza, safari ikazidi kuwa bunduki na hema. Siku hizi ni kamera na gari la watalii. Mpagazi amefutwa katika maana ya neno alilolibeba yeye mwenyewe!

Kwa hiyo wazazi wanaowasaidia watoto insha za Kiingereza waangalie hapa. Mtoto akiandika kwamba alikwenda "on safari" kwa bibi yake Nzega, msomaji wa ng'ambo atawatafuta simba katika kila aya. Aandike "journey", au "I travelled". Kwa Kiswahili asibadili kitu: mama aliyepanda treni Dar es Salaam na kapu lake, akishuka Tabora kuwaona wajukuu, yumo safarini sawasawa na mtalii wa Serengeti.