'Less' ama 'fewer'? Uliza Kiswahili chako

Beshte yangu mmoja aliomba kazi ya kuandika mtandaoni. Akajipigia debe kwamba yeye hufanya "less mistakes" kuliko wengine. Jibu lilikuja na maneno mawili tu: "Fewer mistakes." Kazi ikaenda hivyo.

Usicheke. Hapo hata wewe huteleza. Shuleni tulikariri kanuni, mtihani ukaisha, kanuni ikaisha nao.

Lakini jibu unalo mdomoni kila siku. Ukiwa kibandani, unaitisha chapati chache na mchuzi kidogo. Huwezi kusema mchuzi mchache, watu watakuangalia. Basi ukihisi "chache" kwa Kiswahili, andika "fewer": fewer chapatis, fewer mistakes. Ukihisi "kidogo", andika "less": less soup, less noise. Vilevile, "idadi" ni "number" na "kiasi" ni "amount". Idadi ya watu, kiasi cha maji. Umeona?

Kuna mahali Kiswahili kitakuacha njia panda. Sisi tuna "-ingi" kwa vyote: watu wengi, maji mengi. Mzungu hutenganisha: many people, much water. Akifika kwa "more", anapumzika kama sisi, linafaa kote.

Na chunga pesa, muda na umbali. Mia tano zinahesabika, lakini huchukuliwa kama kiasi kimoja: less than 500 shillings, less than ten minutes.

Sasa niseme ukweli. Waingereza wenyewe walitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika kwa karne nyingi. Mwaka wa 1770, Robert Baker aliandika kwamba yeye angependelea "fewer". Maoni ya mtu mmoja yakageuka sheria, na leo sheria hiyo inamnyima kijana wa mtaani kazi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua mlango ukifungwa unasikikaje. Msimamo wangu ni huu: jifunze kanuni, kwa sababu mwenye kazi anaiangalia. Lakini wewe unayeijua, usiigeuze rungu la kuwapigia wenzako kwenye grupu. Mwambie mtu kando, polepole. Huenda kesho ana intavyu.

Tukifanya hivyo, makosa yatakuwa machache na aibu itakuwa kidogo. Hiyo, tafsiri mwenyewe.