Kwa Nini Karen na si Limuru?

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili wa chuo chetu hufunga safari kutoka Uganda hadi Nairobi, na kila mwaka hupelekwa Karen, kwenye nyumba aliyoishi Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, kuanzia 1917 hadi 1931. Nyumba imetunzwa vizuri na Milima ya Ngong inaonekana. Sina neno nayo. Ninaloligombea ni ratiba yetu.

Basi letu lilipita njia ya kwenda Limuru bila kupunguza mwendo. Huko ndiko alikozaliwa Ngugi wa Thiong'o mwaka 1938. Nilipouliza kwa nini hatusimami, nilijibiwa kwamba kule hakuna cha kuona.

Ni kweli, nyumba ya utotoni mwake haipo. Lakini haikuliwa na mchwa. Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Ngugi alirudi likizo kutoka shule ya Alliance akakuta boma lao limevunjwa na watu wamehamishiwa Kamiriithu kwa amri ya wakoloni. Katika Kamiriithu hiyohiyo wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa maigizo. Mwaka 1977 tamthilia yao kwa Kikuyu ikapigwa marufuku. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa na polisi wa nchi iliyokwisha kupata uhuru. Mara mbili! Hiyo "hakuna" ina historia, tena ndiyo tunayoifanyia mitihani.

Isitoshe, hata Karen vitu vilipungua. Shamba lilipofilisika samani ziliuzwa, na baadhi ya tunavyoonyeshwa leo vilitumika kwenye filamu ya 1985. Kumbe pengo hujazwa pakiwa na nia. Halafu Blixen anayo nyumba nyingine ya makumbusho, Rungstedlund kule Denmark, alikozaliwa na kufia. Hatakosa wageni kwa sababu ya basi moja la wanafunzi.

Wapo watakaosema Ngugi aliandika kwa Kiingereza na Kikuyu, hatuhusu. Je, Blixen aliandika kwa Kiswahili? Shetani Msalabani tunaisoma kwa Kiswahili. Na mwandishi wake alisoma Makerere. Tamthilia yake ilichezwa Kampala mwaka 1962, tulipopata uhuru.

Ninawaomba walimu wetu: mwakani tushukie Limuru kwanza. Tutafute wazee walioigiza Kamiriithu, tuketi nao, watusimulie kwa Kiswahili nasi tuandike. Karen tutapita muda ukibaki.