Shibe si Lishe

Zamani wazee wetu waliyaita maradhi ya matajiri. Leo kisukari na shinikizo la damu havibagui tena baina ya mwenye gari na mchukuzi wa bandarini, wala baina ya Mji Mkongwe na Micheweni. Aidha, katika nyumba hiyo hiyo yenye mgonjwa wa sukari, pengine yumo pia mtoto aliyedumaa kwa lishe duni. Wote wawili wanakula chungu kimoja, na wote wanalala wameshiba. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba shibe si lishe.

Imekuwa desturi kumlaumu mlaji kwa ulafi wake. Sisi hatukubaliani na lawama hizo. Mtu hula kile kilicho karibu naye, kwa bei anayoimudu na kwa muda alionao. Mama anayetoka alfajiri kwenda kazini, akarudi magharibi, hana nafasi ya kumenya majimbi na kukuna nazi. Mtoto wa skuli akikuta langoni biskuti, chipsi na maji ya rangi yaliyojaa sukari, hawezi kununua embe ambalo halipo.

Mabadiliko haya hayakuanza jana. Tangu ardhi yetu nzuri ilipopewa mikarafuu, visiwa hivi vilizoea kuuza karafuu na kununua mchele. Mwaka 1942, Burma ilipotekwa na Wajapani, mchele wa huko ulikatika, na watu wakaulilia muhogo walioudharau. Hatuitamani dhiki ile. Tunachokumbusha ni kwamba sahani ya Mzanzibari hupangwa na meli, bei na sera kabla haijafika jikoni. Na sasa, pamoja na mchele, meli zinaleta sukari, unga mweupe wa ngano na mafuta ya mawese kwa wingi. Samaki wazuri wa bahari yetu hutangulia hotelini, na mashamba ya muhogo na mishelisheli kando ya mji yanageuka viwanja vya nyumba.

Ikiwa sera imechangia kutufikisha hapa, sera pia yaweza kututoa. Wenzetu wa Mauritius, wanaoishi kisiwani kama sisi, walilithibitisha hilo. Mwaka 1987 Serikali yao iliyabadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese, yakawa ya soya. Ilipofika mwaka 1992, wastani wa lehemu katika damu ya wananchi ulikuwa umeshuka sana. Mama wa nyumbani aliendelea kukaanga kama kawaida yake, ila alichokikuta dukani kilikuwa bora zaidi. Hata hivyo kisukari hakikupungua huko, na hilo latuonya kwamba hatua moja pekee haitoshi.

Lipo na funzo la Samoa. Mwaka 2007 nchi hiyo ilipiga marufuku mikia ya batamzinga yenye mafuta mengi kutoka nje. Mwaka 2013 ililazimika kuliondoa katazo hilo, baada ya kujiunga na Shirika la Biashara la Dunia. Nchi ndogo haiwezi kufunga bandari yake ipendavyo. Basi na tuanze pale ambapo hakuna wa kutuuliza.

Zanzibar ina Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe tangu mwaka 2011. Tunaiomba Serikali iipeleke sheria hiyo jikoni. Kwanza, vyungu vya Serikali yenyewe, katika hospitali na skuli za dakhalia, vinunue muhogo, kunde, mboga na dagaa kutoka kwa wakulima na wavuvi wetu. Pili, wizara zinazohusika, pamoja na masheha, zikae na wauzaji wa langoni mwa skuli ili matunda, mahindi na viazi vya kuchemsha vipate nafasi. Wauzaji hao ni wazazi wanaotafuta riziki, na kuwafukuza si dawa. Tatu, madiko yapatiwe barafu na masoko ya mitaani yapatiwe vivuli, ili samaki na mboga zisiharibike kabla hazijamfikia mnunuzi. Na viongozi wetu wakutanapo mikutanoni, tungefurahi kuona maji ya madafu mahali pa soda.

Wananchi nasi tuna wajibu wetu. Tuache kumwona mgeni aliyeandaliwa muhogo na samaki kuwa amedharauliwa.

Dawa za kisukari hunywewa maisha yote, na mguu uliokatwa haurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa fedha za hospitali, fedha ambazo visiwa vyetu havina.