Karanga Nzuri Zianzie Nyumbani

Ndugu msomaji, tazama tunavyofanya wakati wa mavuno. Tunabangua karanga, kisha tunachagua. Zile nzuri tunamwekea mnunuzi. Zile zilizosinyaa na zenye ukungu tunasema, "Hizi tutakula wenyewe." Mimi nasema desturi hiyo ni mbaya. Debe la kwanza la karanga nzuri liwe la watoto wetu.

Karanga hujenga mwili. Katika kila gramu 100, karibu robo ni protini. Tena hutia nguvu, kwa sababu ina mafuta mengi. Hayo wengi tunayajua. Lakini liko jambo jingine.

Mafuta yakikaa wazi siku nyingi, hewa huyaharibu, yakanuka. Hata ndani ya miili yetu hutokea mabadiliko ya namna hiyo, nayo huuchakaza mwili kidogo kidogo. Mwili una kinga yake, na vyakula vingine huisaidia. Karanga ina vitamini E, ambayo huyalinda mafuta yasiharibike. Ile ngozi yake nyembamba nyekundu nayo ina vitu vingine vya kinga. Basi kwa nini tunaisugua na kuipepeta, ikapeperuka na upepo? Karanga huliwa vizuri pamoja na ngozi yake.

Huko Hispania, wataalamu waliwafuatilia watu zaidi ya 7,000. Kundi moja lilipewa gramu 30 za lozi na njugu nyingine za miti kila siku, pamoja na mlo wa mboga, matunda na samaki. Kundi hilo lilipatwa na kiharusi na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko kundi lililoshauriwa kupunguza mafuta. Hizo hazikuwa karanga zetu, lakini karanga nayo ina mafuta mazuri na kinga za aina hiyo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Karanga ni chakula, si dawa. Mwenye ugonjwa wa moyo asiache dawa za hospitali. Anayevimba midomo akila karanga asizile kabisa. Mtoto mdogo apewe zilizosagwa, asije akapaliwa.

Sasa turudi kwa zile mbovu. Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Kuchemsha na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Safari ile ilikuwa katika mahindi, lakini karanga nazo hushikwa na ukungu huo.

Kwa hiyo, anika karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Zikauke kabisa kabla ya kuzihifadhi. Zilizoharibika zitupe, usiwape hata kuku.

Fedha ya mnunuzi tunaihitaji. Lakini kumpa mgeni kilicho bora na kumlisha mtoto wako sumu, hiyo ni hasara isiyolipika.