Ilani ya Maji ya Chini ya Dodoma

Sisi wakazi wa Dodoma, wenye visima na wasio navyo, wakulima wa zabibu wa Makutupora na akina mama wanaokesha wakisubiri mgao, tumeungana kuyalinda maji yaliyo chini ya mji huu.

Dodoma imelelewa na bonde la Makutupora. Visima vya Mzakwe, vilivyomo bondeni humo, vilikuwepo kabla ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, na hadi leo ndivyo tegemeo letu kubwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 mjini. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Mvua haikuongezeka.

Wengi wetu huamini kwamba kila msimu wa mvua hurudisha tulichochota. Sivyo. Kina cha maji Makutupora kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zinaonyesha maji yakishuka miaka kadhaa mfululizo, kisha yakipanda ghafla baada ya msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Nino wa 1997/98. Mvua ya kawaida huishia kwenye jua na mimea. Ni gharika ndiyo inayotujazia: mto Kinyasungwe Mdogo hufurika, maji yakatanda juu ya mchanga wa makorongo, yakapenya hadi kwenye miamba iliyopasuka huko chini. Ndoo tunayojitwisha leo huenda ni mvua iliyonyesha kabla watoto wetu hawajazaliwa.

Kwa hiyo mchanga wa korongo ni mali ya umma, sawasawa na pampu za Mzakwe. Anayeupakia kwenye lori na kuuuza anauza njia ya maji ya watu wote. Tunataka uchimbaji huo ukome katika makorongo yote yanayolisha bonde, na viwanja visipimwe humo, hata mwombaji akiwa taasisi ya serikali.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka utaratibu wa vibali. Ifuatwe bila kutazamana usoni: kila kisima kilichochimbwa kwa mashine kiandikishwe na kifungwe mita, kiwe cha hoteli, cha kiwanda au cha kigogo. Vipimo vya Makutupora vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za kata, ili mama wa Nzuguni ajue kama bomba limekauka kwa sababu maji yameshuka au kwa sababu mota imeungua. Hiyo ni haki yake, na anastahili kujibiwa.

Tunaambiwa tusubiri bwawa la Farkwa na bomba la Ziwa Victoria. Vije, tutavipokea kwa mikono miwili. Havitupi ruhusa ya kulimaliza bonde kabla havijafika.

Nasi hatusubiri. Kila mwenye kisima anayejiunga nasi atapima kina cha maji ya kisima chake mwanzo wa kila mwezi, asubuhi kabla ya kuwasha mota, na kukiandika kwenye daftari la mtaa litakalokuwa wazi kwa yeyote.