WAKILI WA MAFUKARA NA RADHI YA GAVANA

Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la Clarence Earl Gideon wa jimbo la Florida, kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai, naye hana fedha za kumlipa wakili, hana budi kupewa wakili na serikali. Gideon alikuwa amefungwa miaka 5 bila ya mtetezi. Kesi iliposikilizwa tena, akiwa na wakili, aliachiliwa huru. Lakini hukumu ile haikusema ni nani atakayemwajiri wakili huyo, wala ni nani atakayemfukuza. Hayo yaliachiwa majimbo.

Jimbo la New Mexico, kwa sheria ya 1973, lilimpa Gavana uwezo wa kumteua Mkuu wa Mawakili wa Umma na kumwondoa apendapo. Mwaka 2011 Gavana mpya, Susana Martinez, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwendesha mashtaka, alimwondoa Mkuu huyo, Hugh Dangler. Hatusemi kwamba Gavana alivunja sheria. Hasha! Aliifuata kama ilivyoandikwa, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Ni sawa na kuiruhusu timu moja ichague mlinda mlango wa timu ya pili. Wananchi waliliona jambo hilo, na Novemba 2012 walipiga kura kubadili Katiba, idara ikatoka mikononi mwa Gavana. Tume yake ina watu 11 wanaoteuliwa na wakubwa mbalimbali.

Hata hivyo tume peke yake si dawa. Agosti 2022, katika jimbo la Oregon, tume ilishindwa kukubaliana kumfukuza mkurugenzi wa mawakili wa umma. Jaji Mkuu akawaondoa wajumbe wote, akaiunda tume upya, na baada ya siku chache mkurugenzi akafukuzwa. Yamkini sababu zilikuwapo, kwani washtakiwa wengi walikuwa hawana mawakili. Lakini ikiwa wajumbe wenyewe wakaa kwa radhi ya mkubwa mmoja, uhuru wao u wapi? Sheria haina budi kutaja muda wa cheo, makosa ya kumwondoa mtu, na haki yake ya kusikilizwa, kwa mkurugenzi na kwa wajumbe pia.

Wako wasemao kwamba kulinda cheo ni kulinda uzembe. Na watazame Connecticut, ambako sheria yadai sababu ya haki: mwaka 2024 Mkuu wa mawakili wa umma alielezwa tuhuma zake, akajitetea hadharani, kisha tume ikamwondoa.