Msikoboe Mchele Mara Mbili

Ifakara hata mtoto anajua: mchele uliokwisha kukobolewa haurudishwi mashineni. Ukiurudisha, unatoka chenga. Lakini sisi tunaopiga video za harusi na misiba hapa bonde la Kilombero tunaurudisha kila wiki, tena kwa kulipia.

Hata mimi nilifanya hivyo. Nilimrekodi bibi yangu akisimulia walivyovuka mto kwa kivuko kwenda Ulanga, kabla ya daraja. Kamera ikatoa mafaili yenye mkia wa MTS, programu yangu ya kuhariri ikayakataa. Nikampelekea fundi mmoja. Akayapitisha kwenye programu ya kugeuza video, toleo la majaribio, akanitoza kwa kila faili, kisha akafuta kadi "upate nafasi". Bibi alirudi na ukungu usoni, jina la programu limemkatiza kifuani. Mwaka uliofuata tulimzika.

Siulaumu umaskini. Naulaumu uongo tunaoambizana, kwamba cha bure ni cha hovyo. FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ni ya bure kabisa. Haina siku za majaribio, haibandiki jina lake kifuani kwa mtu, na ukishaiweka haikuli bando.

MTS ni gunia tu. Ni la mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Mchele uliomo ni H.264, ule ule unaojaa kwenye MP4. Basi hamisha gunia:

ffmpeg -i 00001.MTS -c copy 00001.mp4

Hayo maneno "-c copy" yanasema: mimina, usikoboe. Haipotei hata punje. Sauti ikigoma, geuza sauti peke yake: weka "-c:v copy -c:a aac" mahali pake.

Utasema kompyuta yako ni dhaifu, hata MP4 inakwama. Ni kweli. H.264 huhifadhi fremu chache zikiwa kamili. Nyingine ni kumbukumbu ya kilichobadilika tu, kwa hiyo kompyuta hupiga hesabu kila unaposogeza picha. Hapo ndipo kugeuza kuna maana: tumia ProRes au DNxHR, ambazo kila fremu inajitegemea. FFmpeg inafanya hilo pia, bure. Faili litavimba mara kadhaa; ndiyo gharama yake. Lihariri, ukimaliza lifute, ubaki na la awali.

Ninyi wenye studio, tozeni jasho lenu: macho, masikio, usiku mliokesha mkikata picha. Msitoze mstari mmoja wa amri ambao mwenye kompyuta yoyote angeuandika mwenyewe. Na mteja akileta kadi, msiifute mpaka aseme ana nakala. Mimi sikuulizwa.